Kuchagua Mtaa, Kukagua Nyumba Chakavu na Kuikarabati kwa Mpangilio

Nyumba chakavu inayofaa kununuliwa ni ile ambayo ubovu wake unaweza kuhesabiwa kabla fedha hazijatoka mkononi. Katika kazi hii nimeona hasara nyingi zaidi zikitokana na ununuzi wa haraka kuliko zile zinazotokana na mafundi wabaya, na kwa sababu hiyo hatua za kuchagua na kukagua zitachukua nafasi kubwa hapa kuliko za ujenzi wenyewe.

Hatua ya kwanza: Utembee mtaa kwa miguu

Paa hubadilishwa na vyumba hupangwa upya, lakini mtaa haukarabatiki kwa fedha za mnunuzi mmoja. Chagua mitaa miwili au mitatu, usijaribu jiji zima, kisha upite kila mmoja angalau mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, usiku, na wakati mvua inanyesha au mara tu inapokatika. Ziara ya mvua ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa itakuonyesha mtaro upi umeziba na maji ya barabara yanaishia uwanjani kwa nani. Ukikosa mvua, tazama mistari ya tope kwenye kuta za uzio, ambayo mara nyingi huonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita.

Dalili ya mtaa unaoinuka si jumba moja jipya lililoota katikati ya magofu. Mimi hutafuta wakazi wa siku nyingi wanaoezeka upya au kubadilisha madirisha, kwa sababu mtu hatumii akiba yake mahali anapotaka kuhama. Nyumba moja tupu inaweza kuwa nafasi nzuri. Nyumba tano tupu zinazofuatana zinadai maelezo, na maelezo hayo atakupa jirani aliyekaa hapo muda mrefu zaidi. Muulize maji hukatika mara ngapi, na nyumba unayoitaka iliachwa lini na kwa nini. Dalali naye ana msaada wake, ila kumbuka kwamba chema chajiuza.

Hatua ya pili: Thibitisha nyaraka

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha katika mamlaka ya ardhi kwamba muuzaji ndiye mmiliki, kwamba nyumba haina rehani wala kesi, na kwamba mipaka ya kwenye ramani inalingana na ya uwanjani. Ikiwa ni nyumba ya urithi, pata ridhaa ya warithi wote wenye haki. Uliza pia kama jengo limehifadhiwa kwa sababu za kihistoria, kwani hilo linaweza kukuzuia kugusa hata dirisha la mbele.

Hatua ya tatu: Kagua nyumba kwa kufuata maji

Beba tochi, pimamaji, bisibisi, penseli, kipande cha nailoni na gundi ya utepe, kisha uanzie juu na kushuka kama maji yanavyoshuka.

Ukiwa nje, tazama kama mstari wa kipeo cha paa umenyooka au umebonyea. Panda darini, uzime tochi utafute matundu ya mwanga, halafu uiwashe utafute madoa ya maji na vichuguu vya mchwa. Choma kwa bisibisi mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa. Mbao ambayo ncha inazama bila kutumia nguvu imeoza au imeliwa.

Shuka kwenye kuta. Nyufa nyembamba zisizofika milimita 1 mara nyingi ni za lipu iliyosinyaa, wala zisikutishe. Ufa unaozidi milimita 5, unaopanuka kuelekea upande mmoja, au unaopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, unaweza kuwa dalili kwamba msingi unasogea, na hapo mwite mhandisi wa majengo. Tumezoea kuambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika ukaguzi ufa uliozibwa karibuni ndio unaonitia shaka zaidi, hasa ukiwa umeanza kufunguka tena.

Kwa unyevu, bandika nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe na uiache kwa saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa isiyozunguka, ambalo tiba yake ni nafuu zaidi. Kisha funga bomba zote, usome mita ya maji, na uisome tena baada ya saa moja. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanavuja.

Nyaya zenye ganda la mpira uliokauka, au mfumo usio na waya wa ardhi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), zihesabu kuwa za kubadilishwa zote. Vifaa vya zamani vyenye asbesto (nyuzi za madini) usivikate wala kuvivunja, na rangi ya zamani inayoweza kuwa na madini ya risasi usiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake ni sumu.

Hatua ya nne: Piga hesabu kuanzia mwisho

Anza na thamani ya nyumba baada ya ukarabati, kwa kutazama bei ambazo nyumba za jirani zimeuzwa kweli, si bei zinazotangazwa. Kipimo kimoja kinachotumiwa na wanunuzi wengi ni kuchukua asilimia 70 ya thamani hiyo na kutoa gharama za ukarabati. Thamani ikiwa 100 na ukarabati 25, bei ya juu kabisa ni 45. Kipimo hiki ni cha haraka, hakichukui nafasi ya makadirio kamili. Ongeza asilimia 15 hadi 20 ya dharura juu ya gharama za ukarabati. Mimi sijawahi kumaliza nyumba ya zamani bila kuigusa fedha hiyo ya dharura.

Hatua ya tano: Fanya kazi kwa mfuatano

Baada ya kupata vibali, anza na paa na mitaro, kisha msingi na kuta, halafu mabomba na nyaya. Jaribu mabomba yakiwa na maji na upige picha za kila ukuta kabla ya lipu, ili kesho fundi asitoboe bomba akitafuta mahali pa kutundika kabati. Zege jipya limwagiliwe kwa angalau siku 7, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Vigae na rangi huja mwishoni.

Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa upigwe lipu ya chokaa. Niliwahi kuupiga saruji ukuta wa namna hiyo. Unyevu ukakosa njia ya kutokea, na baada ya muda chumvi ilichanua juu ya ukuta kama unga mweupe na lipu ikabanduka, ikanibidi nilipie kazi ileile mara mbili.

Walipe mafundi kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na mkubaliane kwa maandishi tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo ya fundi wa paa itabaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe na dari ibaki kavu.