Kabla Hujaanza Kufuma Pindo la Majani: Mambo ya Kuzingatia

Pindo la majani hufumwa kwa sindano mbili likiwa ukanda mwembamba, jani baada ya jani, kisha hushonewa kwenye ukingo wa kitambaa cha meza, shali ya mtoto au foronya. Makosa mengi yanayoliharibu hutendeka kabla kitanzi cha kwanza hakijaanzishwa, wakati mtu ana hamu ya kuanza na hataki kusumbuliwa na hesabu. Soma haya kwanza, ndipo ufungue donge la uzi.

Nunua uzi wote kwa siku moja na uhakikishe kwamba namba ya mkupuo wa kutiwa rangi iliyochapishwa kwenye lebo ni ileile kwa kila donge, hata kama uzi ni mweupe, kwa maana weupe nao una aina zake na tofauti huonekana mchana kweupe. Kwa kitambaa cha meza chagua uzi wa pamba uliosokotwa vizuri. Uzi wenye manyoya hulifunika jani lisionekane. Sindano za milimita 2.5 hadi 3 zinatosha kwa uzi mwembamba, na ziwe na ncha nyembamba, kwa sababu kuna mahali utakapounganisha vitanzi vitatu kwa mpigo na ncha butu haitapenya.

Lielewe jani kabla ya kulifuma. Mtindo ninaoutumia huanza na vitanzi 8, hufika 20 mwishoni mwa mstari wa 8, na hurudi 8 mwishoni mwa mstari wa 18, ambapo jani moja limekamilika. Jani hupanuka kwa sababu unazungusha uzi sindanoni kila upande wa kitanzi cha katikati, na vitundu vinavyobaki ndivyo vinavyouchora mshipa wake. Husinyaa kwa sababu unaunganisha vitanzi viwili viwili pande zote mbili, upande wa kulia vikilalia kushoto na upande wa kushoto vikilalia kulia. Ukiviunganisha vyote kwa namna moja, jani litapinda. Andika kwenye karatasi idadi ya vitanzi inayotakiwa mwishoni mwa kila mstari: 10, 11, 13, 14, 16, 17, 19, 20, kisha 18, 19, 17, 18, 16, 17, 15, 16, 14 na hatimaye 8. Kitanzi kimoja kinachoongezeka katika mistari ya 2, 4, 6 hadi 16 ni cha ukanda ulio kando ya jani, na vinavyozidi hufungwa katika mstari wa 18. Hesabu kila mstari. Kitundu kimoja ulichosahau katika mstari wa 5 kitakudai vitanzi katika mstari wa 9, na hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Kila umalizapo majani matano, pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote 8 vilivyo sindanoni na uuache humo, ili ukilazimika kufumua usirudi nyuma kuupita.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nakuomba usilipuuze hata kama utayapuuza mengine yote: fuma sampuli, uifue, ikauke, ndipo upime. Nilikuwa nimefuma kwa miaka kadhaa nilipopewa kazi ya kitambaa cha mraba cha sentimita 150 kila upande, zawadi ya mama kwa binti yake anayeolewa. Nilipima jani langu likiwa bado sindanoni, nikapata sentimita 6. Hesabu ikaja sawa kabisa: majani 25 kila upande, na mawili ya ziada kila pembe ili pindo ligeuke bila kuvutwa, jumla majani 108. Nilifuma kwa miezi miwili, usiku baada ya watoto kulala, nikashona pindo lote kwa mkono, na Alhamisi ya wiki ya harusi nikakifua kitambaa ili kikabidhiwe kikiwa safi.

Nilipokianua Ijumaa asubuhi, kingo zake nne zilikuwa zimesimama kama za ungo. Kitambaa chenyewe nilikuwa nimekifua kabla ya kukikata, hivyo hakikubadilika. Uzi wa pindo ulikuwa haujaonja maji, ukarudi. Kila jani lilikuwa limebaki na sentimita 5.5. Nusu sentimita huioni kwenye jani moja, lakini mara 108 ni sentimita 54, na zote zilikuwa zimekatwa kwenye ukingo wa kitambaa kilichokataa kupungua. Nilijaribu kulivuta kwa pasi ya mvuke, vitundu vikatanuka na majani yakapoteza umbo. Ilinibidi nifumue mshono pande zote nne. Kwa kipimo kipya kila upande ulihitaji majani 27, na mawili ya pembe, jumla 116. Nilipungukiwa majani manane, na uzi wa namba ileile haukupatikana tena dukani. Harusi ilipita bila zawadi ile, na fedha za yule mama nilizirudisha zote. Alizipokea kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo fuma majani manne, uyalaze kwenye taulo bila kuyavuta, upime na kuandika. Kisha yafue vilevile kitambaa kitakavyofuliwa na mwenyewe. Kama ni kwa maji ya moto na sabuni ya unga, basi tumia hivyo hivyo. Yabane kwa pini yakiwa bado yamelowa, yaache yakauke kabisa, upime tena, na kipimo hiki cha pili ndicho cha kupigia hesabu. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, waliziosha shali zao za sufu na kuziwamba kwenye fremu za mbao kabla ya kuziuza. Umbo la mwisho la kazi hii hutoka majini.

Pembe zipangie nafasi mapema: jani lianguke katikati ya pembe, si nusu upande huu na nusu upande ule. Usishone pindo hadi mwisho kabla ya kulibana kwa pini kuzunguka kitambaa chote, na usifunge vitanzi vya mwisho hadi uone kwamba mwanzo na mwisho vinakutana. Wanga usiutie kabla ya kufua mara ya kwanza, maana huficha kasoro ambazo ni heri uzione ukiwa bado na uzi.

Mengine ni ya kawaida. Nawa mikono, hasa kama umetoka jikoni. Usifumie uzi mweupe kwenye mwanga hafifu. Usisimame katikati ya jani; kama ni lazima, andika namba ya mstari. Weka kazi kwenye mfuko unaofungwa, mbali na panya na mende. Usimpe mteja tarehe kabla hujajua jani moja linakuchukua dakika ngapi, ukazidisha kwa idadi ya majani yote, ukaongeza na siku za kufua na kukausha, na kama ni msimu wa masika, uongeze nyingine.