Futa gitaa kabla ya kulirudisha mfukoni

Wapiga gitaa wenzangu wa Bagamoyo, ukimaliza kupiga usilifungie gitaa mfukoni hujalifuta. Jasho la vidole lina chumvi, na upepo wa bahari hapa kwetu unaongeza chumvi yake na unyevu, ndiyo maana nyuzi za chuma zinashika kutu upesi kuliko kwa wenzetu wa Dodoma.

Chukua kipande cha kanga kuukuu, kikavu. Bana kila uzi juu na chini, uvute kitambaa taratibu kutoka kwenye daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, hadi kichwani. Upande wa chini wa uzi ndio unaosahaulika, na uchafu hujificha hapo. Kitambaa kikitoka na mstari mweusi, rudia. Nyuzi za nailoni hazina shida hiyo, ila zile tatu nene zimezungushiwa waya, nazo hufubaa.

Mafuta ya nazi msipake shingoni, tafadhali sana: yanachacha na kunasa vumbi. Masika, tupia mfukoni vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya unyevu. Na msiliache garini juani, gundi ya daraja hulegea.