Kuchagua na Kutunza Brashi, Rola na Rangi ya Nyumba: Hatua kwa Hatua

Hivi karibuni nilimsaidia mama mdogo kupaka rangi sebule yake huko Pasua, mjini Moshi, na kazi tuliyoipangia siku moja ikachukua siku mbili kwa sababu ya rola iliyowahi kuoshwa nusunusu. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kupaka nyumba yake mwenyewe, kwa vifaa atakavyovitumia tena na tena.

Hatua ya 1: Pima kuta

Zidisha mzunguko wa chumba kwa kimo cha ukuta, kisha utoe milango na madirisha. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 za lipu laini kwa mkono mmoja (yaani tabaka moja la rangi), hivyo chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za mita 2.8, kitahitaji kama lita 7 kwa mikono miwili.

Hatua ya 2: Nunua rangi

Rangi ya maji ni ya kuta. Ya mafuta ni ya milango na nondo za madirisha. Ikiwa rangi inachanganywa kwa mashine dukani, nunua yote kwa mara moja, uimimine katika ndoo moja na kuikoroga, maana makopo mawili ya namba ileile huweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi mwanga wa asubuhi ukiingia ndani.

Hatua ya 3: Chagua brashi

Kwa rangi ya maji chukua brashi ya nywele za sintetiki, kwa kuwa nywele za mnyama hufyonza maji na kulegea. Vuta nywele zake ukiwa bado dukani; zikitoka nyingi, irudishe. Mimi ningenunua brashi moja nzuri ya inchi 2 kuliko nne za bei ya chini.

Hatua ya 4: Andaa na uoshe rola

Hapa ndipo tulipokwama. Rola ya mama mdogo ilionekana safi kwa nje, lakini ndani, pale manyoya yanaposhikana na bomba, rangi ya zamani ilikuwa imegandia. Ilipolowana ilianza kumeguka, na ukuta mzima ukajaa punje. Ilitubidi tusubiri ukauke, tuusugue wote kwa msasa, tufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tuanze upya kesho yake.

Kwa hiyo, kabla ya kupaka, bana manyoya kwa vidole hadi kwenye shina lake. Ukihisi ugumu wowote, usiitumie rola hiyo ukutani. Rola mpya nayo ioshwe kwa sabuni ili nyuzi zilizolegea zitoke, halafu ikaushwe.

Ukimaliza kazi, kwanza kwangua rangi irudi kwenye ndoo, kisha uioshe rola papo hapo, si baada ya chakula. Ivue kwenye mpini wake na uikamue ndani ya maji ya sabuni, ukibadilisha maji mpaka yatoke safi kabisa. Mimi hubadilisha mara nne au tano. Maji hayo yasimwagwe kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji wa huku Kilimanjaro, kwa sababu walio chini yako wanayatumia kumwagilia na kunywesha mifugo. Isimamishe mahali penye upepo, isilale, kwani manyoya yakikauka yakiwa yamelala huacha alama ukutani. Wakati wa masika ipe siku mbili au zaidi.

Ukipumzika usiku mmoja tu na utaendelea na rangi ileile, ifunge kwa nailoni isiyopitisha hewa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mimi hutumia nailoni ya kufungia vyakula.

Brashi ya rangi ya mafuta husafishwa kwa tapentaini kwanza, kisha sabuni.

Hatua ya 5: Hifadhi rangi iliyobaki

Futa ukingo wa kopo, gonga kifuniko kwa kipande cha mbao, na uandike juu yake namba ya rangi, chumba na tarehe. Liweke kivulini, mbali na watoto.