Pimeni selimundu kabla ya barua ya posa

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza, kwenye ukanda ambao selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imetamba. Wachumba wengi hunijia ukumbi umeshalipiwa na kadi za mchango zimeshagawiwa. Hapo majibu yanageuka kesi ya ukoo mzima. Njooni kabla mshenga hajafunga safari.

Dirishani msiseme tu "tunataka kupima damu", mtapimwa grupu na VVU mrudishwe nyumbani. Semeni mnataka kujua aina ya hemoglobini: AA (hana selimundu), AS (anaibeba bila kuugua) au SS (mgonjwa). Kipimo cha zamani cha kuangalia seli kwa darubini kinaonyesha kama S, hemoglobini ya selimundu, ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Msiishie hapo, ulizeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Na aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu aseme mapema, tusije tukasoma damu ya mtu mwingine.

Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hamtazaa mtoto wa SS. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina robo ya uwezekano wa SS. Nasema kila mimba! Akina mama huniambia, "Nimeshazaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika." Hesabu haiendi hivyo, inaanza upya kila mara.

Wazee huniuliza kwa nini serikali isiwakataze AS kuoana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia ndugu wa karibu. AS haimo, na mimi naomba isiingizwe. Saudi Arabia wamelazimisha kipimo tangu 2004, ila uamuzi wamewaachia wachumba. Kupro kanisa lilidai cheti cha kipimo cha thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, bila kukataza ndoa, na watoto wagonjwa wakapungua sana, kwa kuwa wazazi walipata ushauri na kipimo cha ugonjwa huo mtoto akiwa bado tumboni. Huku kwetu katazo lingezaa biashara ya vyeti tu. Watoto wangezaliwa vilevile, ila nje ya ndoa.

Majibu yachukueni pamoja, na msiyarushe kwenye grupu la WhatsApp la familia. Nimeona binti akiachwa hivyo, wakati mvulana naye alikuwa AS. Mkiamua kuoana, mtoto apimwe akiwa bado mchanga. Akiwa SS, penisilini ya kila siku inaanza mapema, pamoja na foliki asidi na chandarua.