Jinsi ya kuisoma biashara ya mama lishe kwa nadharia ya taasisi

Mara ya kwanza nilimwendea mama lishe wa Buguruni saa saba mchana, na dodoso la kurasa nane mkononi. Akanitazama: "Mwanangu, shika mwiko au nipishe." Nenda saa kumi, sufuria zikioshwa. Agiza chai.

Dodoso libaki kwenye begi. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu, kwa zile nguzo tatu za taasisi, yaani mambo yanayoongoza mwenendo wa watu, alizozipanga mwanasosholojia W. Richard Scott wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1995: sheria, kanuni za kijamii na mazoea ya fikra.

Ya kwanza ni nyepesi: leseni, ushuru, mgambo. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vilivyoanza Desemba 2018, viandike hapo. Ila uliza pia kama mgambo alimwacha alipokionyesha.

Ya pili ndiyo yenye utamu, na haiulizwi, inatazamwa. Siku ile fundi ujenzi alimaliza wali maharage, akasema "niandike", akaondoka. Mama akachora mstari wa mkaa ukutani. Nani anaandikwa, nani anaambiwa alipe kwanza? Akikwepa kulipa, nani anamsema, na mbele ya nani? Mimi nilijaza kurasa nne kwa mstari huo mmoja.

Ya tatu: mbona wote wanapika vilevile, kwa bei ileile? Wanasosholojia DiMaggio na Powell walijiuliza hivyo kuhusu mashirika mwaka 1983. Ukijibiwa "ndivyo ilivyo", pigia mstari. Na nakili daftari lako usiku huohuo, kabla mafuta ya chapati hayajafuta wino.