Kununua gari la kifahari lililotumika Lubumbashi: namna ya kulikagua na kupiga hesabu ya matunzo yake kabla ya kulipa

Range Rover, BMW X5 au Mercedes ML iliyokwisha kupita miaka kumi mara nyingi huuzwa hapa Lubumbashi kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida yenye umri mdogo zaidi, na wanunuzi wengi huona kwamba wamepata bahati. Jambo la kuelewa tangu mwanzo ni kwamba bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo. Pampu, kompresa na kompyuta za gari lile bado zinauzwa kama vipuri vya gari ambalo lilipotoka kiwandani liligharimu makumi ya maelfu ya dola. Kazi yangu ni kutengeneza magari ya namna hii, nami nayapenda. Ndiyo maana nataka anayeyanunua aingie akijua atakacholipa, ili gari lisije likaegeshwa uani likiota kutu huku familia ikirudi kupanda teksi.

Hatua ya kwanza: chagua injini kabla ya kuchagua nembo

Swali la kwamba Mercedes ni imara au si imara halina jibu, kwa sababu ndani ya nembo moja, na hata ndani ya umbo moja la gari, huwa kuna injini nzuri na injini ya kukimbiwa. Muulize muuzaji alama ya injini, kisha uithibitishe kwa namba ya chasi.

Chukua Mercedes kwa mfano. Injini ya M113, yaani V8 (injini ya silinda nane) iliyofungwa katika S500 za W220 na katika ML500 za mwanzo za W164 (W220 na W164, kama E53 na E70 kwa BMW, ni alama za umbo la gari), ni injini ngumu ambayo ikipata oili safi huenda mbali sana. Iliyofuata, M273, pamoja na ndugu yake V6 (silinda sita) wa M272 anayepatikana katika ML350 na katika Mercedes za daraja la C na E, zilikuwa na kasoro ya kiwandani katika zile zilizotengenezwa takriban kati ya 2004 na 2008: gia ndogo inayozungushwa na cheni ya taimingi (cheni inayofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake) huliwa meno kabla ya wakati wake. Kwenye M272 ni gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko, na kuibadilisha kwa kawaida hudai injini ishushwe yote. Kipuri chenyewe si kikubwa, lakini kazi yake inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Kwa BMW, V8 ya N62, iliyomo katika X5 4.4i za miaka ya mwisho ya E53 na katika X5 4.8i za E70, hujulikana kwa kuchoka sili za valvu (mipira midogo inayozuia oili isiingie ndani ya silinda), na oili ikaanza kuungua pamoja na petroli. Dizeli ya N47, iliyotumika katika 320d, 520d na X3 kuanzia 2007, ina cheni ya taimingi upande wa nyuma, kwenye giaboksi, na cheni hiyo imekatika katika magari mengi. Kwa Land Rover, dizeli za TDV6 zinazopatikana katika Discovery 3 na Range Rover Sport zimejulikana kwa kuvunjika krankshafti (mhimili mkuu wa injini), ajali ambayo humaliza injini nzima.

Upande wa Lexus hali ni nyingine, na sababu yake ni rahisi. LX 470 ni Land Cruiser 100 iliyopambwa, LX 570 ni Land Cruiser 200, na GX 470 inatokana na Prado 120. RX za vizazi viwili vya kwanza na Harrier za miaka hiyo zinazotoka Japani ni gari moja kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mtu anayetafuta anasa ya kweli kwa gharama inayovumilika nampeleka huko kwanza. Hata hivyo, LX 470 ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 150,000 hivi; kama hakuna ushahidi kwamba umebadilishwa, ihesabu kazi hiyo kuwa ni yako.

Neno moja kuhusu dizeli za Ulaya. Tangu 2009 dizeli inayouzwa Umoja wa Ulaya haitakiwi kuzidi sehemu 10 za salfa katika milioni, na magari ya miaka hiyo yenye chujio la masizi yalibuniwa kwa mafuta hayo. Ukiliweka gari kama hilo katika foleni za mjini, kwa safari fupi na kwa dizeli usiyoijua usafi wake, chujio huziba. Binafsi, kwa gari la Kijerumani la baada ya mwaka huo, namshauri mkazi wa Lubumbashi achukue la petroli.

Hatua ya pili: tafuta fundi na vipuri kabla ya kutafuta gari

Nenda kwa fundi utakayemkabidhi gari na umwulize kama ana kompyuta ya kuchunguza aina hiyo mahususi. Kile kifaa kidogo kinachosoma makosa ya injini kwa magari yote hakitoshi: hakiwezi kuzungumza na mfumo wa hewa wa Range Rover (mifuko ya hewa inayolibeba gari badala ya springi), wala kusajili betri mpya katika BMW, kazi ambayo isipofanywa husababisha betri ichajiwe isivyo sawa na kufa mapema.

Kisha uliza bei na muda wa kufika wa vitu vitano: diski na pedi za breki za mbele, pampu ya maji, mkono wa chini wa mbele pamoja na bushi zake, kompresa ya mfumo wa hewa kama ipo, na taa moja ya mbele. Vya Harrier utavipata mjini. Vya Range Rover au Audi Q7 mara nyingi vitaagizwa Johannesburg au Dubai, na kati ya kuagiza na kufunga gari linasimama huku wewe ukilipa usafiri mwingine. Majibu utakayopewa yaandike, kwa kuwa utayahitaji katika hatua ya hesabu.

Hatua ya tatu: hati na namba ya chasi

Linganisha namba iliyo kwenye mwili wa gari, iliyo kwenye kioo cha mbele na iliyo kwenye hati za DGDA, yaani mamlaka ya forodha ya Kongo. Magari ya Ulaya na Marekani yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya fremu, kwa hiyo usishtuke ukikuta Harrier haina 17. Kama gari limetoka kwenye mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada: alama R au RA humaanisha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Magari mengi ya hapa yalishushwa Dar es Salaam, yakaendeshwa au kubebwa karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwetu. Yale yenye usukani wa kulia yana jambo moja la usalama linalosahaulika: taa zake za chini zimeundwa kuangaza zaidi upande wa kushoto wa barabara, na sisi tunaendesha kulia, hivyo mwanga humpiga machoni anayekuja mbele yako. Hesabu gharama ya kubadilisha taa hizo.

Kwa gari lililotoka Marekani, tafuta dalili za mafuriko. Kimbunga Harvey peke yake, mwaka 2017, kilizamisha magari kwa wingi mkubwa huko Texas, na magari yaliyozama huko huweza kuuzwa tena nje ya nchi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama kuna alama ya maji, inua zulia, tazama reli za viti na plagi za nyaya zilizo chini yake. Ukiona ukijani wa kutu kwenye plagi hizo, ondoka. Hakuna fundi atakayekuahidi kwa haki kwamba umeme wa gari hilo utatulia.

Hatua ya nne: asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Injini iliyokwisha pashwa moto inaficha mengi. Liwashe wewe mwenyewe huku fundi akisikiliza: mlio wa cheni unaodumu sekunde chache kisha kunyamaza ni onyo la taimingi. Baada ya hapo liache lingurume bila kuguswa kwa dakika kumi na tano, kisha kanyaga mafuta ghafla. Wingu la moshi wa bluu wakati huo, hasa kwenye N62, ni sili za valvu zilizokwisha.

Hatua ya tano: mfumo wa hewa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, nami naomba usiharakishe. Range Rover na Discovery nyingi, Mercedes zenye Airmatic (jina la mfumo wake wa hewa), na baadhi ya Audi Q7 na Volkswagen Touareg hazikai juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira huo huzeeka, ukapasuka nyufa ndogo kwenye mikunjo, na vumbi letu la kiangazi huingia humo na kuusaga. Hewa ikianza kuvuja, kompresa hulazimika kufanya kazi mara kwa mara ili kuinua gari, na kwa kuwa haikuundwa kufanya kazi mfululizo, huungua. Mnunuzi huambiwa kompresa ndiyo mbovu, hununua mpya, nayo inaungua vilevile, kwa sababu mfuko unaovuja haukuguswa.

Kwa hiyo pima. Jioni, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa mbawa yake, uandike namba nne. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Kona iliyoshuka zaidi ya wenzake ndiyo inayovuja. Thibitisha kwa maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mfuko na kwenye viungo vya mipira ya hewa. Muuzaji akikataa gari lisimame usiku kucha kwa kipimo hiki, hesabu kwamba mifuko yote minne na kompresa ni ya kubadilishwa, kisha upunguze bei kulingana na hesabu hiyo.

Wapo waliong'oa mifuko na kuweka springi za chuma. Silikatai gari hilo, mradi kazi imefanywa kwa springi na shokamzoba zinazolingana na uzito wake, lakini limepoteza kile kilicholifanya liwe ghali na bei yake iseme hivyo.

Hatua ya sita: kompyuta

Taa ya injini kutowaka haithibitishi kitu, kwa sababu makosa hufutwa kwa dakika moja. Fundi asome ule ukurasa unaoonyesha kama gari limekamilisha kujipima lenyewe. Vipimo vingi vikiwa bado havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa karibuni au betri ilichomolewa. Endesha kilomita kadhaa kwa siku moja au mbili, kisha usome tena. Asome pia kilomita zilizohifadhiwa katika kompyuta nyingine za gari, kwa kuwa anayerudisha nyuma mita ya dashibodi mara nyingi huzisahau.

Hatua ya saba: barabarani

Endesha hadi injini ipate moto kamili, kisha utafute barabara yenye mashimo. Sikiliza bushi na mikono ya mbele. Giaboksi ibadilishe gia bila kupiga teke. Geji ya joto isitikisike hata kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukirudi, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia pia kama kuna tairi la akiba, kwa kuwa BMW nyingi hazina, na njia ya Kolwezi haisamehi.

Hatua ya nane: hesabu

Gawa fedha zako zote katika mafungu matatu. Mawili ni ya kununulia, moja ni la kuliweka gari sawa katika mwaka wa kwanza. Mwenye dola 15,000 atafute gari la dola 10,000. Nimeona kwamba anayemaliza fedha zote siku ya kununua ndiye anayeanza kufunga vipuri bandia.

Kisha hesabu ya kila mwezi. Ukitembea kilomita 1,000, V8 inayokunywa lita 18 kwa kilomita 100 itataka lita 180. Gari la lita 11 litataka 110. Tofauti ni lita 70 kwa mwezi, yaani 840 kwa mwaka. N62 inameza lita 8 za oili maalumu kila unapoibadilisha, takriban mara mbili ya Harrier ya silinda nne. M113 ina plagi mbili za kuwashia petroli kwa kila silinda, kwa hiyo utanunua 16. Tairi za 275/40 R20 za Range Rover Sport ni ghali, na ubavu wake mwembamba hupasuka kwenye mashimo yetu.

Hatua ya tisa: mwezi wa kwanza

Badilisha oili ya injini, machujio yote, maji ya rejeta na mafuta ya breki, bila kujali muuzaji amesema nini. Vitabu vya Ulaya huruhusu oili ikae hadi kilomita 25,000 au zaidi. Hapa, kwa vumbi na foleni, usivuke 8,000, na chujio la hewa likaguliwe kila mwezi kuanzia Mei hadi mvua zirudi.

Usikubali neno kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote. ZF, watengenezaji wa giaboksi za BMW nyingi na Land Rover, wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kiwango chake hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa na joto la nyuzi 30 hadi 50, si gari likiwa limezimwa. Simama hapo fundi anapofanya kazi hiyo, umwone akisoma joto kwenye kompyuta kabla ya kufunga kizibo.