SOMO: Kutazama episodi ya mwisho darini na wenzako bila kuharibu usiku (soma YOTE kabla hujauliza)

Nimechoka jamani. Kila tamthilia ikikaribia kuisha inbox inajaa "kaka mlifanyaje ile ya darini", nikimjibu huyu kesho anakuja binamu yake na swali lilelile. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nampa linki na salamu.

Hatua ya 1: Jueni saa. Za Uturuki hazina shida, tangu 2016 saa zao na zetu ni zilezile mwaka mzima. Za Marekani zinazorushwa saa tatu usiku New York kwetu zinaingia saa kumi alfajiri, na wakiwa kwenye baridi yao zinaingia saa kumi na moja, kwa hiyo mkipanga kutazama usiku wake mnakaa siku nzima bila kugusa simu, msije mkaambiwa mwisho. Kama kuna mmoja wenu hawezi, afungiwe data.

Hatua ya 2: Shusheni mapema. Video ya saa moja ya ubora wa 720p ni kama GB moja, msitegemee bando usiku wenyewe.

Hatua ya 3: Sabtaito, yaani faili la maandishi ya tafsiri, iwe na jina sawasawa na la video, folda moja. Basi.

Hatua ya 4: Jaribuni projekta, spika na betri siku moja kabla, tena usiku maana mchana hamtaona kitu. Stima mnaijua wenyewe.

Hatua ya 5: SHUKA. Hapa ndipo nilipoaibika, someni polepole.

2019 Diriliş Ertuğrul iliisha, sizoni 5, episodi 150, Uturuki walirusha ya mwisho tarehe 29 Mei ikiwa Ramadhani, sisi tukasema tutangoja tafsiri na Idi ipite. Ikawa Juni. Juni Lamu ni msimu wa upepo wa kusi, na mimi mtoto wa nahodha nikachukua shuka la kitanda cha futi sita nikalifunga pembe zote nne kwa kamba ya nailoni, nikalivuta likakaza kama ngoma, nikajisifu. Watu kumi na nne wamekaa juu ya mikeka. Saa ya kwanza sawa. Ya pili upepo ukaingia nyuma, shuka likatunga tumbo, nyuso za watu zikawa pana kama za samaki, tukacheka. Halafu likajaa. Kamba ya juu ilikuwa nimeifunga kwenye kile kimeza cha projekta kwa uvivu wa kutafuta pa kufungia, sasa fikiria mwenyewe, shuka likaondoka na kimeza kikafuata, projekta nikaidaka kwa tumbo, na shuka lenyewe likavuka ukuta taratibu kabisa likashukia kiwandani, yaani uani, kwa bibi jirani. Episodi za Kituruki zinapita saa mbili, sisi tulibakisha kama dakika ishirini. Tukazimalizia kwenye simu ya inchi sita, watu kumi na nne.

Kwa hiyo:
- Kama una ukuta uliopakwa chokaa, TUMIA UKUTA. Shuka ni la asiye na ukuta.
- Kama ni shuka, shona pindo juu na chini, pitisha boriti nyembamba au mwanzi kila pindo. Juu ifungwe, chini ining'inie kwa uzito wake. Pembeni usifunge kitu. Tanga hufungwa ili lishike upepo, wewe unataka lipishe.
- Lisimame ubavuni mwa ukuta unaokinga upepo. Kusi, Aprili mpaka Septemba, kinga kusini. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, geuza.
- Kamba ya shuka na meza ya projekta visijuane. Kabisa.

Hatua ya 6: Watu. Asiyetazama sizoni za nyuma asije siku ya mwisho, atauliza "huyu nani" mpaka mumchukie bure. Na aliyekwisha kuona asije pia, hata akinyamaza mtamsoma usoni. Anzeni baada ya Isha, saa mbili u nusu hivi, ili mtu asiruke katikati.

Hatua ya 7: Chakula mnakijua.

MASWALI

kijana_langoni: Kaka naweza kufunga shuka pembe nne lakini kwa kamba nzito?

Mwandishi: Hatua ya 5.

kijana_langoni: Nimesoma, nauliza tu kama kamba ni nzito

Mwandishi: Ikiwa nzito litang'oka na ukuta. Soma tena.

Mama Twaha: Asante mwanangu. Betri ya kutosha ni ipi? Tuna ile ya sola ya 100Ah.

Mwandishi: Hiyo inatosha mama, ngoja nikupe hesabu yake. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1200, lakini betri ya asidi usiishushe chini ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo una 600. Inveta inakula zake, baki na 500. Soma nyuma ya projekta, ikiwa wati 100 na spika 20, ni zaidi ya saa nne kidogo. Friji iwe imechomolewa lakini.

bwana_dau: Hizi projekta za bei rahisi wanaandika mwanga wa lumeni elfu tisa, kwa nini bado picha ni hafifu?

Mwandishi: Kwa sababu karatasi inavumilia. Tafuta palipoandikwa ANSI, hiyo ndiyo iliyopimwa. Na usitake picha kubwa sana, ukiongeza upana mara mbili mwanga uleule unatandazwa mara nne.

nuru_mkomani: Mimi sabtaito inaanza sawa kabisa, ikifika mwisho mtu anakufa ndiyo maneno yake yanatokea. Nikisogeza kwa vitufe vya G na H ndani ya VLC, ile programu ya kuchezea video, inakaa kidogo halafu inakimbia tena. Ni nini?

Mwandishi: Swali zuri hatimaye. G na H zinasogeza yote kwa kiasi kimoja, zinafaa kama tofauti ni ileile toka mwanzo. Yako inaongezeka, maana yake sabtaito ilitengenezwa kwa video ya fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na yako ni 23.976, au kinyume chake. Tofauti yake kwa saa moja ni kama dakika mbili u nusu. Tafuta sabtaito iliyotengenezwa kwa toleo lako la video, au nitumie nikubadilishie, ni kazi ya dakika moja.

nuru_mkomani: Allah akulipe. Nami nakupa moja: lenzi isipate umande wa bahari, ukimaliza ifunike kwa kanga kavu palepale. Yangu ilifanya ukungu wa chumvi.

Mwandishi: Hiyo sikuijua, naiongeza.

paka_wa_forodhani: Na paka? Sisi waliondoka na samaki wa kupaka wote gizani, tulikuja kujua tunataka kula.

Mama Twaha: Samaki gizani na miba, nani aliwashauri? Mahamri na mbaazi wa nazi, mbaazi katika vikombe, kila mtu chake.

kijana_langoni: Kaka sina boriti naweza kutumia fimbo ya ufagio

Mwandishi: Ndiyo. Umeona, ukisoma unauliza vizuri.

bwana_dau: Na lile shuka bibi alirudisha?

Mwandishi: Baada ya siku tatu, limefuliwa na kupigwa pasi. Kumbe kila usiku alikuwa akikaa kiwandani anasikiliza sauti zetu za juu, na mchana wajukuu wanamsimulia. Hakunigombeza. Alinikabidhi shuka akanishika mkono akauliza, "Yule mwenye shoka, alisalimika?" Nikamwambia bibi ngoja nilete laptopu.